William Brass

William Brass (Edinburgh, Uskoti, 5 Septemba 1921 – 11 Novemba 1999) alikuwa mtakwimu na mtaalamu wa demografia kutoka Uskoti. Anajulikana hasa kwa kubuni njia za kihisabati za kukadiria vifo na uzazi katika nchi ambazo hazina daftari kamili la vizazi na vifo. Njia hizo, zinazoitwa kwa jina lake "njia za Brass", zilitokana na kazi aliyoifanya Nairobi kati ya miaka 1948 na 1955, alipokuwa akishughulikia takwimu za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Maswali yanayotegemea njia hizo bado yamo katika dodoso la sensa ya Tanzania, na karani wa sensa anayeuliza mama wa Bahi au Kondoa amezaa watoto wangapi na wangapi wamefariki anafuata mpango wa Brass hata kama hajawahi kusikia jina lake.

Maisha ya awali

Brass alizaliwa na kukulia Edinburgh. Alisoma katika shule ya Royal High School, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea hisabati na fizikia. Masomo yake yaliingiliana na Vita Kuu ya Pili ya Dunia: kuanzia 1943 hadi 1946 alifanya kazi katika huduma ya kisayansi ya jeshi la majini la Uingereza. Vita vilipokwisha alirudi chuoni.

Mwaka 1948 alioa, na mwaka huohuo akaajiriwa na Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake Nairobi. Alikwenda huko kama mwanahisabati, si kama mtaalamu wa idadi ya watu. Pengine hilo lilimsaidia, kwani hakuwa na mazoea ya kutegemea aina ya takwimu ambazo Afrika Mashariki haikuwa nazo.

Fomula za vifo kabla ya Brass

Ili kuelewa alichofanya Brass, ni lazima kwanza kujua wenzake wa Ulaya walikuwa wamefika wapi. Mwaka 1825 Benjamin Gompertz (1779–1865), Mwingereza wa ukoo wa Kiyahudi aliyejifunza hisabati mwenyewe kwa sababu Wayahudi hawakuruhusiwa kuhitimu katika vyuo vikuu vya nchi yake, alichapisha makala iliyobadilisha kazi ya bima. Aligundua kwamba kwa watu wazima hatari ya kufa haiongezeki kwa kujumlisha kiasi kilekile kila mwaka, bali kwa kuzidisha. Kwa maandishi ya kihisabati:

m(x) = B × cˣ

ambapo m(x) ni hatari ya kufa katika umri x, na B na c ni namba zinazopatikana kwa kila jamii kutokana na takwimu zake. Katika jamii nyingi zilizochunguzwa baadaye, hatari hiyo huongezeka maradufu kwa kila miaka 8 hivi ya utu uzima. Mwaka 1860 William Makeham aliongeza namba moja, A, inayowakilisha vifo visivyotegemea umri, kama vile vya ajali. Kwa fomula hizo kampuni ya bima iliweza kupanga ada ya mtu wa miaka 30 na ya mtu wa miaka 60 bila kubahatisha.

Lakini fomula ya Gompertz inahitaji vitu viwili: daftari linaloonyesha nani amefariki akiwa na umri gani, na hesabu ya watu waliokuwa hai katika kila umri. Uingereza vitu hivyo vilipatikana kwa miaka mingi kutoka makanisani, katika vyama vya bima na baadaye katika ofisi za serikali. Tena fomula hiyo huanzia utu uzima. Haisemi lolote kuhusu mtoto mchanga, ambaye hatari yake ya kufa ni kubwa sana siku anayozaliwa na kisha hupungua kadiri anavyokua. Katika Afrika Mashariki ya mwaka 1948 daftari halikuwepo, na sehemu kubwa ya vifo vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano.

Nairobi na sensa ya 1948

Agosti 1948 ilifanyika sensa ya Waafrika katika nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Uingereza. Kabla ya hapo serikali za kikoloni zilitegemea zaidi orodha za walipa kodi ya kichwa na makisio ya machifu. Baada ya hesabu ya jumla, makarani walirudi katika baadhi ya maeneo yaliyoteuliwa kama sampuli na kuuliza maswali zaidi. Humo ndimo wanawake walipoulizwa wamezaa watoto wangapi na wangapi kati yao wamefariki. Waafrika wa Tanganyika walikuwa milioni 7.4 hivi.

Majibu yaliyofika Nairobi yalikuwa na kasoro ambayo kila aliyewahi kuandikisha wanafunzi au wapiga kura vijijini ataitambua: watu wengi hawakujua umri wao kwa miaka. Haikuwa ujinga. Watu walikuwa na njia yao ya kuhesabu, ila haikufuata kalenda ya ofisini. Katika Jimbo la Kati, ambalo makao yake yalikuwa Dodoma, Wagogo walikumbuka nyakati kwa njaa zao. Kubwa kuliko zote ilikuwa Mtunya, iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na mvua nazo zikakosekana, kati ya 1917 na 1920. Aliyezaliwa wakati wa Mtunya alikuwa na miaka 30 hivi mwaka 1948. Karani aliyeijua njaa hiyo aliweza kuandika umri wa karibu na ukweli. Asiyeijua alikisia kwa macho, na makisio ya macho hupenda namba zinazoishia na sifuri au tano.

Vifo vya Mtunya vyenyewe havikusajiliwa. Chini ya utawala wa Waingereza sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilikuwepo, lakini kwa Waafrika walio wengi haikuwa na nguvu. Mtoto angeweza kuzaliwa, kuugua na kuzikwa Mpwapwa bila karatasi yoyote ya serikali kujua kwamba aliwahi kuishi. Wakati huohuo, kilomita chache tu kutoka hapo, serikali ya Uingereza ilikuwa ikimwaga mamilioni ya pauni katika mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Mradi ule nao ulianzishwa kabla ya kupatikana takwimu za kutosha, zile za mvua.

Wengi waliotazama majibu ya akina mama ya mwaka 1948 waliyaona kuwa hayafai kwa zaidi ya wastani wa jumla. Brass aliona kwamba makosa yake yana mpangilio, na kwamba kosa lenye mpangilio linaweza kupimwa na kurekebishwa. Makala zake za kwanza juu ya jambo hilo, kuhusu uzazi, zilitoka mwaka 1953 na 1954 akiwa bado Nairobi.

Swali kwa akina mama

Njia iliyompa Brass sifa zaidi ni ya kukadiria vifo vya watoto. Aliieleza mbele ya wataalamu wenzake mwaka 1961 katika mkutano wa New York, na tena mwaka 1964 katika semina ya Umoja wa Mataifa huko Addis Ababa. Ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Tuseme katika kata moja wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 wamezaa jumla ya watoto 500, na 100 kati ya hao wamefariki. Sehemu iliyofariki ni 100 ÷ 500, yaani 0.20. Namba hiyo peke yake haina maana iliyo wazi, kwa sababu watoto hao hawakuzaliwa siku moja. Wengine wangekuwa na miaka sita, wengine wana wiki mbili na bado hatari haijawapita. Brass alionyesha kwa hesabu kwamba, ukichukua wastani wa muda ambao watoto wa akina mama wa umri huo wamekuwa duniani, sehemu iliyofariki inakaribia sana uwezekano wa mtoto kufa kabla ya kutimiza miaka 2. Kwa akina mama wa miaka 15 hadi 19 inakaribia uwezekano wa kufa kabla ya mwaka 1. Kwa wale wa 25 hadi 29, kabla ya miaka 3. Kwa wale wa 30 hadi 34, kabla ya miaka 5. Na kwa wale wa 35 hadi 39, kabla ya miaka 10.

Inakaribia, lakini si sawasawa. Kwa hiyo Brass alitayarisha jedwali la vizidisho. Mahali ambapo wasichana huanza kuzaa mapema, watoto wa mama wa miaka 22 wamekuwa na muda mrefu zaidi wa kukabiliwa na hatari, na kizidisho huwa chini ya 1. Mahali ambapo huchelewa, huwa juu ya 1. Ili kujua ni kizidisho gani kitumike haihitajiki takwimu nyingine: inatosha kulinganisha wastani wa watoto wa wanawake wa 15 hadi 19 na wa wale wa 20 hadi 24, namba ambazo tayari zimo katika majibu yaleyale.

Kwa hiyo umri wa mtoto aliyefariki, tarehe ya kifo na ugonjwa havihitajiki. Linahitajika jambo moja tu ambalo mama halisahau. Hata hivyo kulitamka ni jambo lingine. Katika jamii nyingi za Tanzania kuwahesabu watoto si jambo la kawaida, na kuwataja waliokwisha kuzikwa mbele ya mgeni mwenye daftari ni zito zaidi. Brass alijua hatari hiyo, ndiyo maana njia yake inataka swali ligawanywe: watoto wa kiume na wa kike wanaoishi na mama, wanaoishi kwingine, na waliofariki. Mama akiulizwa kwa ujumla ana watoto wangapi atataja walio nyumbani. Aliyepelekwa kwa bibi yake Singida atasahauliwa, na aliyefariki akiwa na siku tatu hatatajwa kabisa.

Namba za akina mama wa miaka 15 hadi 19 hutazamwa kwa tahadhari. Watoto wao ni wachache, na wengi ni wazaliwa wa kwanza wa mama mdogo sana, ambao hatari yao ni kubwa kuliko ya watoto wengine.

Kwa uzazi alifanya jambo la kufanana. Mwanamke akiulizwa kama amezaa katika miezi 12 iliyopita, mara nyingi hukosea mipaka ya mwaka, ama kwa kuurefusha ama kwa kuufupisha. Lakini kosa hilo haliwahusu sana vijana zaidi ya wazee, kwa kuwa kila mtu hupima mwaka kwa namna moja. Brass alilinganisha uzazi wa mwaka mmoja na jumla ya watoto waliozaliwa na wanawake vijana, ambao hawajasahau, akapata kipimo cha kosa na kukitumia kusahihisha namba zote.

Fomula ya logiti

Vifo vya watoto ni mwanzo tu wa jedwali la maisha, yaani orodha inayoonyesha kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa ni wangapi watafikia kila umri. Brass alihitaji njia ya kukamilisha jedwali lote kutokana na vipande vichache. Jibu lake, alilolieleza kwa ukamilifu katika maandishi ya 1971, ni tofauti sana na la Gompertz.

Gompertz alitafuta sheria moja ya kifo kwa watu wote wazima. Brass hakutafuta sheria. Alitafuta uhusiano kati ya jedwali moja na jingine. Chukua sehemu ya watu wanaofikia umri fulani, iite l. Kisha kokotoa:

Y = ½ × ln[(1 − l) ÷ l]

ambapo ln ni logarithimu asilia. Namba hii huitwa logiti. Kama nusu ya watu wanafikia umri huo, l ni 0.5 na Y ni 0. Kama asilimia 80 wanafikia, Y ni −0.693, kama ni asilimia 20 tu, Y ni +0.693. Brass aligundua kwamba ukichora logiti za jamii moja dhidi ya logiti za jamii nyingine, mistari iliyopinda ya majedwali hunyooka na kuwa karibu mstari mmoja mnyoofu:

Y = α + β × Ys

Hapa Ys ni logiti ya jedwali la kawaida lililochaguliwa kama kielelezo. Namba α huinua au kushusha vifo vya umri wote kwa pamoja. Namba β hubadili uwiano kati ya vifo vya utotoni na vya uzeeni: ikizidi 1, watoto hunusurika zaidi na wazee hufa zaidi kuliko katika kielelezo. Jamii nzima, toka mtoto mchanga hadi kikongwe, inaelezwa kwa namba mbili.

Kwa mfano wa darasani tu: tuseme katika kielelezo watoto 800 kati ya 1,000 wanafikia miaka 5 na watu 500 wanafikia miaka 60. Jamii yenye α ya 0.3 na β ya 1 itakuwa na logiti za −0.393 na 0.3. Ukizirudisha, utapata kwamba ni 687 tu watakaofikia miaka 5, na 354 watakaofikia miaka 60.

Brass alitoa vielelezo viwili, kimoja cha jumla na kingine cha Afrika. Sababu ya kile cha Afrika ni ya kusikitisha. Katika majedwali ya Ulaya hatari hushuka haraka baada ya mwaka wa kwanza. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Kitropiki iliendelea kuwa kubwa hadi mwaka wa pili, wa tatu na wa nne, kutokana na malaria, surua, na utapiamlo baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Jedwali lililotengenezwa Ulaya lingewaficha watoto hao. Kielelezo cha Afrika kilitumika katika kitabu kikubwa kuhusu demografia ya Afrika ya Kitropiki kilichochapishwa na Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 1968, ambacho Brass alikiandika pamoja na Ansley Coale na wenzao.

Gompertz hakusahauliwa kabisa. Baadaye Brass alitumia umbo la fomula yake kueleza jinsi uzazi unavyogawanyika katika umri wa wanawake, matumizi ambayo Gompertz mwenyewe, aliyekuwa mtu wa bima, hakuyafikiria.

Mayatima na vifo vya watu wazima

Vifo vya watu wazima vilikuwa vigumu zaidi, maana hakuna aliyebaki wa kuulizwa kwa urahisi. Wazo la kuwauliza watoto lilikuwa limekwisha kutolewa na Mfaransa Louis Henry. Brass, pamoja na Kenneth Hill, alilifanya kuwa njia kamili mwaka 1973. Mtu anaulizwa maswali mawili: mama yako yuko hai? Baba yako yuko hai? Kama watu wa miaka 25 hadi 29 wengi wamefiwa na mama, basi wanawake wengi hufa kati ya umri wa kuzaa, miaka 25 hivi, na miaka 50 na kitu. Kenya iliuliza maswali hayo katika sensa yake ya 1969.

Lugha ya Kiswahili ina mtego hapa. Mtoto aliyelelewa na mama mdogo au mama mkubwa humwita mama, na hakosei. Akiulizwa kama mama yuko hai atajibu ndiyo, na kifo cha aliyemzaa kinapotea katika hesabu. Kwa sababu hiyo swali sharti limtaje mama mzazi, na karani asiliharakishe. Kosa hili ni kubwa zaidi kwa watoto wadogo, ambao wengine hawajaambiwa.

Matumizi Tanzania na katika nyanda za kati

Sensa ya kwanza baada ya uhuru, ya Agosti 1967, ilihesabu watu milioni 12.3, kati yao laki 7 hivi wakiwa mkoa wa Dodoma. Uchambuzi wake ulitolewa mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na Bertil Egerö na Roushdi Henin, nao ulitegemea sana njia za Brass. Sensa zilizofuata ziliendelea hivyohivyo. Kwa hesabu za namna hiyo ilijulikana kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa Tanzania, 137 walifariki kabla ya mwaka mmoja kwa mujibu wa sensa ya 1978, 115 kwa mujibu wa ile ya 1988, na 95 kwa mujibu wa ile ya 2002. Namba hizo, ambazo wanafunzi wa jiografia wamezikariri kwa miaka mingi, hazikutoka katika daftari lolote la vifo. Zilitoka kwa akina mama.

Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulipata 33 kabla ya mwaka mmoja na 43 kabla ya miaka mitano. Tafiti za aina hiyo humwuliza mama tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto na umri aliofariki, jambo linalowezekana zaidi sasa kwa kuwa kadi za kliniki zimeenea.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu sasa ina makao yake makuu Dodoma, na ni katika Uwanja wa Jamhuri jijini humo ambapo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza, tarehe 31 Oktoba 2022, kwamba Tanzania ina watu 61,741,120. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na 3,085,625. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kilichopo Dodoma, hufundisha masuala ya idadi ya watu, na makadirio ya vifo vya watoto ni sehemu ya kazi za maofisa mipango wanaotoka humo: zahanati ijengwe wapi, chanjo ziagizwe ngapi, madarasa mangapi yatahitajika baada ya miaka saba. Usajili wa vifo, ulio chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, bado haujafikia familia nyingi za vijijini.

Udhaifu wa njia zake

Njia ya watoto hudhani kwamba hali ya vifo haibadiliki sana kwa miaka mingi. Vifo vikipungua, majibu ya mama wa miaka 40 yanaeleza hali ya zamani na ya mama wa miaka 22 yanaeleza ya karibuni. Griffith Feeney na wengine walirekebisha jambo hilo katika miaka ya 1970 kwa kuonyesha kila jibu linahusu mwaka gani, na Umoja wa Mataifa uliyakusanya marekebisho hayo katika mwongozo wake wa 1983.

Kwa nyanda za kati kuna tatizo jingine. Dodoma na Singida ni nchi ya mvua chache, na miaka mibaya huja ghafla. Makadirio ya Brass husambaza vifo vya mwaka mmoja wa njaa au mlipuko wa surua katika miaka kadhaa, hata mstari unaotokea huwa laini na kilima cha msiba hakionekani. Anayesoma mstari huo bila kujua historia ya eneo anaweza kudhani hapakutokea kitu.

Udhaifu uliouma zaidi ulifunuliwa na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Njia ya Brass huwauliza mama walio hai, ikidhani kwamba watoto wa mama waliofariki hawatofautiani sana na wengine. Kwa ugonjwa unaomwua mama na mtoto pamoja, dhana hiyo huanguka: familia zilizopata pigo kubwa zaidi ndizo zisizo na mtu wa kujibu. Mtu asiye na taarifa hizo angeona vifo vya watoto kuwa vichache kuliko ilivyokuwa kweli. Ndiyo maana kuanzia 1992 mradi maalumu ulifuatilia vifo nyumba kwa nyumba katika maeneo ya Dar es Salaam, Hai na Morogoro vijijini, ukiuliza jamaa wa marehemu dalili za ugonjwa.

Aberdeen, London na miaka ya mwisho

Brass aliondoka Nairobi mwaka 1955 akawa mhadhiri wa takwimu katika Chuo Kikuu cha Aberdeen. Mwaka 1965 alihamia London, katika chuo cha afya na magonjwa ya kitropiki, akawa profesa wa demografia ya tiba mwaka 1972 na kuongoza kituo cha masomo ya idadi ya watu hadi alipostaafu 1988. Wanafunzi wengi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini walipitia mikononi mwake. Mihadhara aliyoitoa Costa Rica mwaka 1971 ilichapishwa kama kitabu mwaka 1975, na kwa muda mrefu kilikuwa kitabu cha kiada kwa ofisi za takwimu zisizo na kompyuta.

Mwaka 1984, pamoja na Sheila Macrae, alitoa njia fupi kuliko zote: mama anayekuja kujifungua anaulizwa kama mtoto aliyemtangulia huyu bado yuko hai. Wauguzi wa zahanati wanaweza kuandika jibu kwa mstari mmoja, na sehemu iliyofariki inakaribia uwezekano wa kufa kabla ya miaka 2.

Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Uingereza mwaka 1979, akapewa nishani ya CBE mwaka 1981, na kati ya 1985 na 1989 alikuwa rais wa umoja wa kimataifa wa wataalamu wa idadi ya watu. Kazi yake kubwa ya mwisho ilimrudisha Kenya. Nchi hiyo ilikuwa na wastani wa watoto 8.1 kwa kila mwanamke mwishoni mwa miaka ya 1970, wastani uliotajwa duniani kote kama usioweza kushuka. Mwaka 1989 ulikuwa 6.7. Wengi walishuku kwamba ni kosa la takwimu tu. Brass, akihariri pamoja na Carole Jolly ripoti iliyotoka Marekani mwaka 1993, alipima makosa ya takwimu hizo kwa njia zilezile alizozianzisha Nairobi miaka 40 kabla, akaonyesha kwamba uzazi umeshuka kweli. Utafiti wa mwaka huohuo wa 1993 ulipata 5.4.

Alifariki tarehe 11 Novemba 1999 akiwa na umri wa miaka 78.